CHUMBA CHA GIZA AMBAMO MENO HUWAKA

Mchezo wa gofu ndogo na mwanga usioonekana

Huenda umepata kuonyeshwa picha ya namna hii kwenye simu ya jirani. Mtoto wake yuko Ujerumani au Uingereza kwa masomo au kwa kazi. Katika picha yuko ndani ya chumba chenye giza. Uso wake hauonekani vizuri, lakini meno yanawaka rangi ya samawati. Shati jeupe nalo linawaka. Ukutani kuna samaki wakubwa na miti ya rangi za ajabu. Mkononi ameshika fimbo, na miguuni pake kuna mpira mdogo unaong'aa kama kaa la moto.

Wazee wakiona picha hiyo huguna. Wapo wanaosema kijana ameingizwa katika chama cha siri. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya mashetani. Na wapo vijana wanaojibu haraka haraka, "Ni taa tu hizo, mzee!" Lakini ukiwauliza ni taa gani hiyo isiyoangaza chumba ila meno, wananyamaza.

Vijana wanasema kweli, ni taa. Lakini jibu hilo halitoshi, maana taa za jamaa hiyo zimefika hata kwetu. Ziko kwenye maduka ya kubadilisha fedha, ziko kwenye maabara za kupimia mahindi, na vitochi vyake vinauzwa barabarani. Nyingine ni salama, nyingine huumiza macho. Basi tuingie katika chumba hicho taratibu, tuone kinavyofanya kazi.

GOFU NDOGO NI MCHEZO GANI

Gofu yenyewe huchezwa katika uwanja mkubwa wa majani. Mchezaji hupiga kampira kagumu kwa fimbo, kampira kanaruka mbali, naye anakafuata hadi akaingize katika shimo. Mashimo ni 18. Uwanja huo hula ardhi nyingi na maji mengi, na fimbo zake ni ghali. Kwa hiyo tangu zamani gofu imekuwa mchezo wa wenye nafasi.

Gofu ndogo imechukua kipande cha mwisho tu cha mchezo huo, yaani kuusukuma mpira chini kwa chini mpaka shimoni. Hapana kuurusha juu. Kila shimo lina njia yake fupi yenye kingo pembeni, na katikati ya njia wameweka vikwazo: kilima, daraja, bomba, au kinu cha upepo kinachozunguka. Katika mashindano ziko njia za aina moja zenye urefu wa mita 6 na sentimita 25, na upana wa sentimita 90. Hiyo ni kama ukumbi wa nyumba ndogo.

Kuhesabu ni rahisi. Kila ukipiga, unahesabu moja. Mwenye hesabu ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Ukipiga mara sita na mpira bado haujaingia, unaandikiwa saba, unakwenda shimo la pili. Sheria hiyo ni ya huruma, maana bila hiyo wengine wangelala palepale.

Mchezo huu wa kusukuma mpira una historia ya wanawake. Mwaka 1867, katika mji wa St Andrews huko Uskoti, wanawake walipata kiwanja chao kidogo cha kusukuma mpira mashimoni. Siku hizo watu walisema si heshima mwanamke kuinua fimbo juu ya bega mbele za watu. Basi wakapewa mchezo usio na kuinua fimbo. Chama chao kiko mpaka leo.

Kutoka hapo mchezo ulikua polepole, kwa sababu majani laini ni taabu kuyatunza. Hapa wakulima wa pamba watege sikio. Mwaka 1922 bwana mmoja mwenye shamba la pamba huko Mexico, jina lake Thomas Fairbairn, alichukua maganda ya mbegu za pamba, akayasaga, akachanganya na mchanga, mafuta na rangi ya kijani, akatandaza. Akapata uwanja laini usiohitaji kumwagiliwa. Kitu ambacho wengine wangetupa jalalani kilitandazwa katika viwanja vingi vya Marekani. Mwaka 1927 Garnet Carter, aliyekuwa na hoteli katika mlima Lookout mpakani mwa Tennessee na Georgia, alianza kuuza viwanja vyake vidogo. Kufika mwaka 1930 Marekani ilikuwa na viwanja vya namna hiyo kwa maelfu, hata juu ya mapaa ya maghorofa ya New York. Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na mchezo huo ulikuwa wa senti chache.

KWA NINI WAKAINGIA GIZANI

Ulaya ina taabu moja ambayo sisi hatuna. Mwezi Desemba jua la Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, huzama kabla ya saa kumi jioni, na asubuhi huchomoza saa mbili imekwisha pita. Nje kuna baridi, mvua, pengine theluji. Nani atacheza gofu kwenye theluji?

Ndipo wakauingiza mchezo ndani. Lakini ukumbi mkubwa wenye madirisha mazuri una kodi kubwa. Ukumbi usio na madirisha, kama vile ghala lililoachwa au chumba cha chini ya nyumba, hauna wapangaji wengi. Ukiweka taa za kawaida humo utaona mabomba, nyufa na kuta mbaya. Ukipaka kila kitu rangi nyeusi na kuacha giza, hayo yote yanapotea. Kinachoonekana ni kile tu ulichopaka rangi ya kung'aa. Kwa hiyo giza lile, ambalo wazee wanaliona la kishetani, sehemu yake ni hesabu za biashara.

Huko Berlin kuna bustani iitwayo Görlitzer Park. Hapo zamani palikuwa stesheni ya reli iliyoanza kazi mwaka 1866. Reli iling'olewa, bustani ikatengenezwa, lakini majengo machache ya stesheni yakabaki. Chini ya jengo mojawapo, katika vyumba vya ardhini, ndimo wameweka gofu ndogo ya gizani. Miji mingine mingi ya Ujerumani ina kumbi kama hizo, na Marekani, Finland na Ufaransa wanazo pia. Wajerumani huita mwanga wake "mwanga mweusi". Jina hilo linachekesha kidogo, maana mwanga ukiwa mweusi ni mwanga gani tena? Lakini tutaona kwamba jina halikukosea sana.

TAA ISIYOANGAZA

Umepata kuutazama upinde wa mvua. Una rangi zimepangwa, nyekundu upande mmoja, na urujuani, yaani ile zambarau ya mwisho, upande wa pili. Tunadhani rangi zimekwisha hapo. Kumbe zilizokwisha ni zile ambazo macho yetu yanaziweza. Baada ya urujuani upo mwanga mwingine ambao jicho la mtu haliuoni. Mjerumani Johann Ritter aliugundua mwaka 1801. Aliona kwamba dawa fulani ya madini ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ikipata mwanga, iligeuka upesi zaidi pale palipoonekana hapana mwanga wowote. Vitabu vya shule huuita urujuanimno, maana yake uliopita urujuani. Jua letu hutoa mwanga huo kila siku, ndio unaochubua ngozi na kupausha mapazia.

Taa za chumba kile zimetengenezwa zitoe mwanga huo usioonekana kwa wingi, na mwanga unaoonekana kidogo sana. Ndiyo maana ukiitazama taa yenyewe unaona zambarau hafifu tu, na chumba kinabaki giza.

Sasa, mwanga usioonekana unawezaje kuangaza mpira?

Tuseme mtoto wako amekutumia noti ya dola. Ukienda nayo gengeni kununua mchicha, mama muuzaji hataipokea. Noti ina thamani, lakini pale gengeni haina kazi. Basi unaipeleka kwanza kwa mbadilishaji fedha. Yeye anaichukua, anakata chake kidogo, anakupa shilingi. Shilingi zinapokelewa sokoni.

Rangi ya mpira ndiyo mbadilishaji wetu. Inapokea mwanga usioonekana, ambao una nguvu nyingi. Inakata chake, yaani sehemu ya nguvu inageuka joto dogo ndani ya rangi. Iliyobaki inaitoa kama mwanga wenye nguvu pungufu, na huo sasa jicho linauona: kijani, chungwa, waridi. Kitu kisicho na mbadilishaji ndani yake, kama ngozi ya mkono au koti jeusi, hupokea mwanga ule ule lakini hakirudishi kitu kinachoonekana vizuri. Kinabaki giza.

Tazama sasa, hiyo rangi haina moto wala umeme wala mwanga wake yenyewe. Zima taa, na mpira unazimika papo hapo. Mbadilishaji asiyeletewa dola hatoi shilingi.

Na wewe msomaji, huenda una mbadilishaji huyo juu ya kichwa chako. Zile taa ndefu nyeupe za tyubu, zilizojaa maofisini na kwenye zahanati, zina mvuke wa zebaki ndani. Umeme ukipita, mvuke hutoa urujuanimno. Ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo ndio unaoubadilisha kuwa mwanga wa kusomea. Taa ya mwanga mweusi ni ndugu yake. Imewekewa unga wa aina nyingine, na mara nyingi kioo cheusi cheusi kinachozuia mwanga wa kawaida usitoke. Siku hizi nyingi ni za vitaa vidogo vya LED.

MENO NA SHATI WALIPAKWA NINI?

Hawakupakwa kitu. Meno ya mtu yana vitu vya asili vinavyobadilisha mwanga huo. Meno ya bandia ya aina fulani hayana. Mtu mwenye jino la bandia la namna hiyo akicheka katika chumba kile, huonekana kama ana pengo, na siri yake imetoka.

Shati ni habari ya sabuni. Zamani mama zetu walisuuza nguo nyeupe kwa buluu ili kuficha unjano. Siku hizi sabuni nyingi za unga zimetiwa dawa ya kung'arisha, ambayo hubaki kwenye nyuzi baada ya kusuuza. Juani dawa hiyo hupokea urujuanimno na kutoa samawati, nasi tunasema, "Ah, shati hili jeupe pee!" Gizani chini ya taa ile, samawati hiyo huonekana peke yake. Kwa hiyo shati linalowaka linaonyesha kwamba lina dawa hiyo. Kama lilisuuzwa vizuri au vibaya, taa haisemi.

Kitu kingine kinachowaka ni kwinini. Ndiyo, dawa ile chungu ya malaria! Ikiyeyushwa katika maji na kuwekwa mbele ya mwanga huo, hutoa samawati nzuri sana. Mwaka 1852 mtaalamu George Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitandaza rangi za mwanga wa jua kama upinde wa mvua, akapitisha chupa ya kwinini kutoka rangi moja hadi nyingine. Kwenye nyekundu hakuna kitu. Kwenye kijani hakuna kitu. Alipofika nje ya urujuani, mahali ambapo macho hayaoni chochote, maji yale yakawaka. Ndiye aliyeeleza kwamba mwanga unaingia na nguvu kubwa na kutoka na nguvu ndogo. Ile habari ya mbadilishaji kukata chake ni kanuni ya Stokes.

MAZINGAOMBWE YA DUKA LA DAWA

Rangi kali zinazopakwa katika kumbi hizi zilianza kwa ajali. Mwaka 1933, huko California, Marekani, kijana Bob Switzer alikuwa akishusha makreti ya nyanya. Akaanguka, akaumia vibaya kichwani na macho yakadhurika. Madaktari wakamwambia akae katika chumba cha giza wakati anapona. Ndugu yake Joe alikuwa mpenzi wa mazingaombwe. Vijana hao wakaingia na taa ya mwanga mweusi katika duka la dawa la baba yao mjini Berkeley, usiku, wakimulika chupa moja moja. Baadhi ya chupa ziliwaka. Wakachukua dawa hizo, wakachanganya na vanishi, wakapata rangi.

Kwanza waliitumia jukwaani. Mchezaji ngoma alionekana kichwa chake kikiachana na mwili na kucheza peke yake, watazamaji wakashikwa na hofu. Kumbe vilivyoonekana ni vile tu vilivyopakwa, na vingine vyote vilikuwa gizani. Baadaye ndugu hao walijenga kampuni mjini Cleveland, nayo ikaja kuitwa Day-Glo. Walitafuta rangi ambazo hazihitaji chumba cha giza, rangi ambazo jua lenyewe linaziwasha. Katika Vita ya Pili ya Dunia zilitumika kwenye vitambaa vya kuwapa ishara marubani.

Rangi hizo unaziona kila siku. Kizibao cha dereva wa bodaboda, kile cha chungwa au kijani cha njano, ni hizo hizo. Mchana kinang'aa kupita nguo yoyote, kwa sababu kinabadilisha urujuanimno wa jua. Usiku hakuna jua, nacho kinakuwa nguo tu. Ndiyo maana wameongeza ile mikanda ya fedha, ambayo kazi yake ni kurudisha mwanga wa taa za gari. Dereva anayevaa kizibao kilichong'oka mikanda usiku, akidhani rangi itamwokoa, yumo hatarini.

WANAWAKE WALIORAMBA BURASHI

Tumesema rangi ya chumba kile huzimika taa ikizimwa. Ziko rangi nyingine zinazoendelea kung'aa kwa muda, kama mishale ya saa za mkononi au vibao vya "Njia ya kutokea". Hizo huweka akiba ya mwanga na kuitoa polepole. Za sasa hazina shida.

Lakini ilikuwako rangi ya tatu, na hiyo iliua. Ilichanganywa na madini ya redio, yaani radiamu, ambayo hutoa miale usiku na mchana, bila kuletewa mwanga. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Orange, New Jersey, Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka rangi hiyo kwenye nyuso za saa. Tarakimu ni ndogo, na burashi lazima iwe na ncha kali. Wakafundishwa kuichonga ncha kwa midomo. Waliambiwa haina madhara. Wengine walijipaka kwenye kucha na meno kwa mchezo, ili waende dansini waking'aa.

Radiamu ikikuingia mwilini hukaa kwenye mifupa, kama inavyokaa chokaa ya maziwa. Meno yakaanza kung'oka, mataya yakaoza, damu ikapungua. Wengi wakafa wangali vijana. Kampuni ilikanusha. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne walishitaki, wakati huo wengine hawawezi hata kuinua mkono kula kiapo. Mwaka 1928 walilipwa dola 10,000 kila mmoja, na dola 600 kila mwaka, na matibabu. Hawakuishi miaka mingi kuzila.

Rangi za gofu ndogo hazina radiamu, wala huna haja ya kumwambia mtoto wako asiende. Nimelisimulia jambo hili kwa sababu bado wapo watu wanaopenda kusema, "Kinachong'aa tu hakina neno." Saa za kale zenye tarakimu za kung'aa bado zipo makabatini kwa watu. Ukiwa nayo, usiifungue wala usimpe mtoto aikwangue.

TAA HIYO KWETU

Kwenye duka la kubadilisha fedha umeona mhudumu akipitisha noti chini ya taa ya zambarau. Karatasi ya kawaida ya ofisini imetiwa dawa ya kung'arisha, kwa hiyo huwaka yote samawati. Karatasi ya noti nyingi duniani hutengenezwa kwa pamba na haina dawa hiyo. Inabaki hafifu, na alama chache za siri ndizo zinazowaka. Noti inayowaka yote ni ya kutilia shaka. Lakini noti halali iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa kwa sabuni ya unga, nayo inaweza kuwaka. Usimpeleke mtu polisi kwa taa peke yake. Tazama na alama nyingine.

Nge naye huwaka. Gamba lake hutoa kijani cha samawati, na mwenye kitochi hicho humwona usiku kutoka mbali. Kwa wanaolala chini, hiyo ni faida.

Kwa mahindi jambo ni zito zaidi. Mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu ya aina moja hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004, huko Kenya, sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 vifo vilitokea Tanzania pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sasa maabara na baadhi ya wanunuzi humulika punje zilizovunjwa kwa taa ya urujuanimno. Zikionekana na kijani cha njano kikali, hilo ni onyo kwamba kuvu hiyo imepita.

Hapo ndipo pa kuangalia sana. Kinachowaka si sumu yenyewe. Ni kitu kingine kinachotoka pamoja na kuvu hiyo. Mahindi yanaweza kuwaka na sumu ikawa kidogo, na yanaweza yasiwake na sumu ikawamo. Mtu akikuuzia kitochi akasema, "Mulika, yasipowaka kula," anakudanganya. Taa hiyo ni ya kutenga mahindi ya kupeleka kupimwa. Sumu yenyewe hupimwa kwa dawa za maabara.

MACHO

Urujuanimno uko wa aina tatu. Ule ulio karibu na urujuani ni mpole kuliko wenzake, na ndio unaotumika katika gofu ya gizani. Taa ziko juu, mtu anakaa saa moja, anatoka. Hapo hakuna neno kubwa, mradi usiikazie macho taa kwa karibu.

Ulio mbali zaidi ni mkali, unaua vijidudu, na unachoma jicho. Wachomeleaji wa vyuma wanaujua. Fundi akichomelea bila kioo, mchana haoni kitu, lakini usiku anaamka macho yanawasha kama yamejaa mchanga. Taa za kuua vijidudu zilinunuliwa sana wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, nazo ni za namna hiyo. Ni hatari kukaa nazo chumbani zikiwaka. Na si lazima iwe taa kali ya namna hiyo. Novemba 2023, huko Hong Kong, watu walihudhuria sherehe ya usiku iliyowekwa taa za urujuanimno. Asubuhi wengi waliamka na maumivu makali ya macho na ngozi iliyoungua. Wenye sherehe walikiri kwamba taa za pembe moja ya ukumbi huenda ndizo zilizoleta balaa hilo.

Ubaya wa mwanga huu ni kwamba jicho halijui kuwa linamulikwa. Jua likikupiga unafumba. Huu haukuambii ufumbe.

UKIALIKWA KUINGIA

Basi tuseme umekwenda kumtembelea mwanao na amekupeleka. Mlangoni utapewa fimbo, mpira, na kadi ya kuandika hesabu. Mahali pengine watakupa na miwani ya karatasi. Miwani hiyo hupinda rangi tofauti kwa kadiri tofauti, hata nyekundu huonekana imesogea karibu na samawati imekwenda mbali. Papa aliyechorwa ukutani atakujia usoni. Usirudi nyuma kwa ghafla, nyuma kuna watu.

Dakika za kwanza utaona kama ukungu. Si moshi. Kioo cha ndani ya jicho lako chenyewe kinabadilisha mwanga ule kidogo, kikatia weupe katika kuona. Simama kidogo, macho yazoee giza, ndipo utembee. Inua miguu, maana sakafu haionekani ila kingo zake. Mzee mwenye magoti mabovu ashikwe mkono, wala si aibu.

Kupiga ni kugumu kuliko mchana. Mchana unajua kilima kwa kivuli chake. Humo vivuli havionekani vizuri, kwa hiyo njia iliyoinama huonekana sawasawa, na mpira unapinda bila kukuaga. Wenyeji hutazama kwanza jinsi mpira wa aliyetangulia ulivyokwenda. Fimbo usiipandishe juu ya goti. Ukifika saba, andika saba, usibishane na wajukuu.

Vaa nyeupe ukitaka wakuone, vaa nyeusi ukitaka upotee. Ukiingia tu tafuta kibao cha mlango wa kutokea, ujue kilipo kabla hujaanza kucheza.

Mkimaliza mtarudisha fimbo na mipira mlangoni. Utazame mpira wako pale kwenye mwanga wa mchana. Haukuzimika. Ni wa chungwa kali, kama kizibao cha bodaboda.